Saa Nane na Dakika Saba

Mzee Valvu alianza kufa wiki ya tatu baada ya kustaafu, saa nane na dakika saba za usiku. Kabla ya hapo alikuwa amelala vizuri tu, amejifunika hadi kidevuni. Ghafla akajikuta ameketi kitandani, macho yamemtoka, fulana imelowa jasho, moyo unamwenda mbio hata meno yanacheza. Akaangalia saa ya mkononi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuangalia saa kwanza na mengine baadaye. Kisha akatulia kusubiri kufa.

Alisubiri hadi saa tisa. Alipoona kifo hakina haraka, akaenda chooni, akanywa maji, akarudi kitandani akahesabu mbao za dari mpaka dirisha likawa jeupe. Kando yake mkewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja ameutupa upande wa mume. Mzee Valvu aliuinua mkono ule na kuuweka pembeni taratibu, asije akamwamsha. Usiku uliofuata mambo yakawa yale yale, saa ile ile, na mkono ule ule.

Mtu mwingine angesema ni ndoto mbaya, au ni chakula cha jioni. Yeye hakuwa na nafasi ya kujidanganya hivyo. Baba yake alilala usiku mmoja akiwa na miaka sitini na moja, hakuamka. Kaka yake mkubwa naye akalala akiwa na sitini na moja, akafuata njia ile ile. Na yeye alikuwa ametimiza sitini na moja mwezi uleule aliokabidhi vifaa vya kazi. Hesabu ilikuwa nyepesi: akiuvuka mwaka huo akatimiza sitini na mbili, ataishi; akilala vibaya usiku mmoja tu kabla ya hapo, basi tena. Kwa hiyo usingizi, ambao wenzake waliupokea bure kila jioni, kwake uligeuka kitu cha kuogopa. Aliogopa sana, na hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwahi kumwona mkewe akiwa na wasiwasi.

Jina la Mzee Valvu alipewa na mtaa. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, na mkewe Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walikuwa watu wazima walioolewa mbali na waliopiga simu kila Jumapili, mmoja akizungumza na mwingine akisahihisha. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuwafungulia watu maji. Mji ule ulikuwa na watu wengi kuliko maji, hivyo idara iliyagawa kwa zamu, na zamu ya mtaa wao ilikuwa saa nane za usiku hadi saa kumi na moja. Kila usiku saa saba na nusu alitoa baiskeli, ufunguo wa chuma wenye urefu wa mtu mzima umefungwa ubavuni, akakipanda kilima hadi kwenye chemba. Huko aliinua mfuniko, akautumbukiza ufunguo kwenye valvu, yaani koki kuu ya mtaa mzima, akaanza kuzungusha.

Mizunguko ilikuwa arobaini na miwili. Nusu mzunguko, anangoja. Anaweka kiganja juu ya chuma kusikia hewa inavyotangulia mbele ya maji. Nusu nyingine, anangoja tena. Dakika kumi na mbili nzima za kufungua koki moja. Wenzake wa zamu za mchana walimcheka, wakasema anafungua koki kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Aliwajibu kwamba maji yana hasira, ukiyafungulia ghafla yanakimbia na kugonga kila kitu njiani, na bomba la zamani halipendi kugongwa. Wakacheka tena, wakaenda zao.

Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi mtaa wao haukuwa na zamu ya maji, na huo ndio uliokuwa usiku wake wa mapumziko. Likizo zote alikwenda kijijini kwa mama yake. Homa ilimpata mara tatu katika maisha ya kazi, na mara zote tatu alipanda kilima pamoja na homa yake. Mchana alilala chumba cha pili kutoka sebuleni, ambako Mama Pacha alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyounguruma kuanzia asubuhi hadi jioni. Alilala ndani ya mngurumo ule usingizi mzito kabisa. Alipenda kujisifu kwamba aliyezoea kulala jirani na cherehani haamshwi na kelele yoyote duniani. Kumbukeni maneno hayo.

Alipostaafu hawakuajiri mtu mwingine. Walifunga mashine. Alialikwa siku ya kuizindua, akakuta kijisanduku cha kijivu juu ya valvu yake, kina taa ndogo ya kijani. Alikizunguka mara mbili kutafuta pa kushikia, hakupaona. Wakampa saa ya ukutani na kumpigia makofi.

Basi moyo ulipoanza visa vyake, Mzee Valvu alifanya kile alichojua. Kazini alikuwa na daftari la zamu: tarehe, saa, mizunguko, maelezo. Akachukua daftari jipya kwenye bunda la mkewe, akapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, mapigo, maelezo. Kila usiku, kidole kikiwa kwenye mshipa wa mkono na tochi ya simu ikiwa mdomoni, alihesabu na kuandika. *Saa nane na dakika saba. Mia moja na kumi na nane. Jasho. Sijafa.* Usiku uliofuata: *Saa nane na dakika saba. Mia na kumi na nne. Mdomo mkavu. Sijafa.* Usiku wa Jumatano aliandika: *Hakuna.* Hilo halikumshangaza. Jumatano ilikuwa mapumziko yake tangu zamani, na aliona ni haki moyo nao upumzike.

Mwezi wa tatu wa maradhi hayo alianza kupanga mambo. Alimwita mkewe akamwonyesha hati za nyumba zilipo. Mkewe akasema anajua, ndiye aliyeziweka. Akamwonyesha namna ya kubadilisha balbu ya barazani, apande wapi na azungushe upande gani.

"Baba Pacha," mkewe akamwambia, sindano ikiwa katikati ya midomo, "hizo balbu miaka yote uliyokuwa unalala mchana, ulidhani zinajibadilisha?"

Akashuka kwenye kigoda. Hakuonyesha kitu kingine siku hiyo.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, na aliambiwa kwa mafumbo. Mzee Valvu alisema ana rafiki yake mmoja, mstaafu, ambaye moyo humwamsha usiku.

"Huyo rafiki yako ndevu zake nizinyoe au nizichonge?" kinyozi akauliza.

"Ninyoe."

"Haya. Kitanda cha rafiki yako kiko wapi? Kichwa kiko dirishani?"

"Kiko dirishani."

"Umeona? Ni upepo huo. Upepo wa dirishani unaingia sikioni, unashuka moja kwa moja mpaka moyoni. Mwambie ageuze kitanda."

Mzee Valvu alijua sikio halina njia ya kwenda moyoni, lakini mtu anayekufa hachagui fundi. Mchana ule, mkewe akiwa sokoni kununua nyuzi, alikiburuta kitanda hadi upande wa pili na kukiegemeza kichwa ukuta wa nyuma. Ukuta ule haukuwa na dirisha. Nje yake hapakuwa na njia wala watu, ila bomba lililopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa. Palikuwa mahali patulivu kabisa. Usiku ule moyo ulimpiga mia moja na thelathini na mbili, kipimo ambacho hakijapata kuandikwa tena. Katika sehemu ya maelezo aliandika: *Kinyozi mjinga. Sijafa.*

Kitanda hakukirudisha. Mkewe alisema kimependeza pale.

Miezi saba ilipokaribia alikuwa amekonda, macho yamezama, na mchana alikuwa akisinzia popote alipowekwa. Siku moja alisinzia kwenye foleni ya benki akiwa amesimama, watu wakampita kwa heshima. Akaona sasa yatosha, akaenda hospitali bila kuaga.

Daktari alikuwa wa umri wa pacha wake, mikono ya baridi, sauti ya upole.

"Shikamoo mzee. Nini kinasumbua?"

"Marahaba. Ninakufa usiku."

"Kila usiku?"

"Isipokuwa Jumatano."

Daktari aliandika bila kuinua macho. "Kifua je?"

Mzee Valvu alifikiri. "Kizito. Nikishtuka tu, nasikia uzito hapa, kama kuna mtu amenilalia. Halafu unaondoka."

Walimpima damu, wakamfunga nyaya kifuani na kutoa karatasi ndefu ya milima na mabonde, wakamwambia milima yake ni mizuri. Ili kuhakikisha, daktari alimpa kijisanduku cha kuvaa kiunoni usiku na mchana, kinachohesabu kila pigo la moyo na kulitunza. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mzee Valvu alilala na nyaya zake usingizi wa mtoto mchanga, akaamka saa moja na nusu asubuhi mate yamekauka shavuni. Daktari alisoma kijisanduku, akampongeza kwa moyo ambao hata vijana hawana. Kwenye faili akaandika: *uzito kifuani, chanzo hakijulikani.*

Alirudi nyumbani amekasirika. Mtu akiambiwa ni mzima wakati anajua anakufa, huwa hana pa kulalamika. Usiku ule wa Alhamisi, saa nane na dakika saba, moyo ukaja kumsalimia kama kawaida.

Mambo yalifichuka wiki moja baadaye, tena kwa uzembe wa kawaida. Mama Pacha alikuwa na daftari lake la vipimo vya wateja, na lake na la mumewe yalitoka bunda moja, jalada moja la bluu. Asubuhi hiyo mteja alisimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha, na Mama Pacha akafungua daftari aangalie kiuno cha mwaka jana. Akakuta mia moja na ishirini na mbili. Akamtazama mteja, akatazama tena daftari. Chini ya namba ile palikuwa na neno: *Sijafa.*

Mteja aliombwa arudi kesho. Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha cherehani, akasoma daftari lote tangu ukurasa wa kwanza, polepole, kidole kikifuata mistari. Mzee Valvu alikuwa barazani anasinzia. Alipofungua macho, mkewe alikuwa amesimama mbele yake na futikamba shingoni.

"Wewe," akasema, "unakufa?"

Mzee Valvu aliona daftari. "Bado."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu baada ya kustaafu."

"Miezi saba! Na mimi ningeambiwa lini? Makaburini?"

"Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Hukutaka kunitia wasiwasi," mkewe akarudia, na hapo akakasirika kweli, kisha akalia, kisha akakasirika upya kwa kuwa amelia mbele ya mtu mjinga. Alifuta macho kwa ncha ya futikamba. Mzee Valvu akaeleza: baba, kaka, sitini na moja, hesabu nyepesi. Alieleza akitazama vidole vya miguu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno yale kwa sauti.

"Ninaogopa kulala," akasema. "Hilo tu."

Mama Pacha aliketi kwenye ngazi ya baraza, akalifungua tena daftari magotini. Mtu aliyeshona miaka arobaini huwa na macho ya kuona mshono uliokwenda upande.

"Jumatano mbona hakuna?"

"Jumatano moyo unapumzika."

"Moyo wa nani unapumzika Jumatano?" Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Saa nane na dakika saba. Saa nane na dakika saba. Jumatano hakuna. Saa nane na dakika saba." Akalifunga daftari. "Baba Pacha, hii si ratiba ya moyo. Hii ni ratiba ya maji."

Mzee Valvu alikunja uso. Kwenye mambo ya maji hakuwa mtu wa kufundishwa. "Maji hufunguliwa saa nane kamili."

"Na hapa yanafika saa nane na dakika saba."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa hapa."

Mkewe akaendelea. "Siku hizi yanafika saa nane na dakika saba, na yanafika kwa fujo. Bomba la nyuma linapiga mluzi, halafu linagonga ukuta, du, du, du, du. Na wewe mwenyewe umekwenda kuweka kichwa palepale."

"Mimi siamshwi na kelele. Nimelala na cherehani miaka ishirini na tisa."

"Cherehani ni kelele yangu. Maji ni kelele yako."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mzee Valvu kilikuwa sentimita kumi kutoka sikioni. Mtu mwingine angesikia bomba linagonga akageuka upande wa pili. Yeye mwili wake ulisikia kwamba maji ya mtaa mzima yamefunguliwa, yeye yuko kitandani, na aliyefungua amefungua vibaya. Ukamwamsha aende kazini. Miezi saba moyo ulikuwa unakimbilia baiskeli, na mwenyewe amekaa kitandani anangoja mauti. Mazoea yana tabu, lakini tabu ya aina hiyo hakuwahi kuisikia.

"Zamani hayakuwa yakigonga?" akauliza hatimaye.

"Ya kwako? Hata kidogo. Yalikuwa yanakuja saa nane na robo hivi. Kwanza bomba linapumua. Linapumua, linatulia, linapumua tena. Halafu unasikia maji yanapanda taratibu kama mtu asiyetaka kuamsha watoto."

Mzee Valvu alisikiliza habari hizo kwa makini, kwa kuwa zilikuwa mpya kwake. Miaka ishirini na tisa aliwapelekea watu maji, na hakuwahi hata usiku mmoja kuwa nyumbani akasikia yanavyofika. Usiku wenye maji alikuwa kilimani, na usiku aliokuwa nyumbani haukuwa na maji. Alikuwa ameyajua kwa kiganja tu, kutoka mwanzo wa safari yao. Akataka aambiwe tena, na mkewe akamwambia tena, kupumua na kutulia.

"Na wewe?" akasema. "Ukuta unagongwa, na wewe unakoroma. Huamki?"

Mama Pacha alianza kuikunja futikamba kwenye vidole, akaikunjua, akaikunja tena.

"Miaka yote ile nilikuwa silali," akasema. "Ukishafunga mlango na baiskeli yako, nakaa macho. Ile njia ina giza, ina mbwa, ina mtaro. Sasa nikisikia bomba linapumua, najua umefika. Hapo ndipo nalala. Kila siku ilikuwa hivyo. Usiku mmoja wa mvua bomba halikupumua mpaka karibu saa tisa. Nilikuwa nimekaa hapo kitandani, nimevaa viatu na kanga, nimeshika tochi. Nikawa najiambia nikihesabu mia moja bila kusikia kitu, natoka. Nilihesabu mia mara sita."

Mzee Valvu aliukumbuka usiku huo. Katika daftari la zamu ulichukua mstari mmoja: *Saa tisa kasoro dakika tano. Mnyororo.* Alikuwa ameanguka mtaroni, mnyororo wa baiskeli ukakatika, akamaliza kilima kwa miguu akiwa ameubeba ufunguo begani. Asubuhi yake alirudi, akaoga, akalala. Alimkuta mkewe anashona, hakuuliza kitu, na yeye hakusema.

"Hukuniambia," akasema.

"Ungeacha kazi?"

"Hapana."

"Basi." Akanyanyuka. "Mpaka leo bomba likianza tu, mwili wangu unalegea. Ligonge, lisigonge, mimi nasikia umefika. Nalala pale pale, najinyoosha mpaka upande wako, kwa kuwa upande wako ulikuwa mtupu."

Mzee Valvu akaukumbuka ule mkono, aliouinua kila usiku na kuuweka pembeni bila kuuhesabu kuwa dalili. Akakumbuka uzito wa kifua. Daktari aliandika kwamba chanzo hakijulikani. Chanzo kilikuwa kimesimama pale barazani, kinamuuliza kama atakunywa chai.

Kesho yake alivaa shati la kazini akaenda idara ya maji. Walimpeleka kwa mhandisi, mwanamke kijana aliyekuwa na ramani ya mji ukutani, na kwenye ramani, mtaa wa Mzee Valvu ulikuwa umejaa pini nyekundu.

"Karibu mzee wangu. Mashine yako tunaitunza vizuri."

"Si yangu. Inafungua kwa muda gani?"

"Sekunde arobaini," mhandisi akasema kwa fahari. "Zamani ilikuwa dakika kumi na mbili. Tumeokoa zaidi ya dakika kumi na moja kila usiku."

"Mnazipeleka wapi?"

Mhandisi alicheka kidogo, kisha akaona mzee hacheki. Mzee alikuwa anatazama pini nyekundu.

"Hizo ni nini?"

"Mabomba yaliyopasuka. Kumi na moja tangu mwanzo wa mwaka, mtaa mmoja. Tunadhani ni uchakavu."

"Katika miaka yangu yalipasuka manne," Mzee Valvu akasema. "Moja lilikanyagwa na lori."

Mhandisi akaweka kalamu mezani. Kila mtoto anajua kwamba haraka haraka haina baraka. Ni mashine tu iliyokuwa haijaambiwa. Siku ile ile walipanda kilima kwa gari la idara, mhandisi akafungua kijisanduku cha kijivu na kukaa chini na kompyuta magotini. Mzee Valvu alipiga goti kando ya chemba, kiganja juu ya chuma. Nusu, akasema. Ngoja. Bado, hewa haijatoka. Sasa nusu nyingine. Mhandisi akawa anaandika. Iliwachukua mchana mzima kukifundisha kijisanduku subira, na walipomaliza, mhandisi alimwomba aandike yote hayo kwenye barua, kwa sababu idara haitambui kiganja. Akaandika kurasa mbili. Hakumwambia kilichomfanya aje.

Ilikuwa Alhamisi. Usiku Mama Pacha alimuuliza kama wakirudishe kitanda dirishani. Mzee Valvu akasema kibaki. Akavua viatu, akalala chali, akaogopa kidogo kama kawaida yake, maana miezi mitano ilikuwa bado imebaki, na baba na kaka walikuwa bado wamekufa. Daftari na tochi aliviweka karibu na mto.

Aliamka gizani, akaangalia saa. Saa nane na dakika kumi na nne. Moyo ulikuwa unapiga, lakini ulipiga kama wa mtu aliyefika mapema na anamsubiri mwenzake. Akatega sikio ukutani. Kimya. Kisha, nyuma ya ukuta, bomba likapumua. Likatulia. Likapumua tena, refu zaidi, na nyuma ya pumzi ile akayasikia maji yake kwa mara ya kwanza, yanapanda taratibu kwenda tangini. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa alikuwa amelala chali yakamwingia masikioni.

Kando yake mkewe alishusha pumzi, akajinyoosha. Mkono ukaja, ukaanguka kifuani pake kwa uzito wake wote. Mama Pacha hakufumbua macho.

"Umefika?" akauliza usingizini.

Mzee Valvu alielewa kwamba swali lile lilikuwa limeulizwa kila usiku kwa miaka ishirini na tisa, ndani ya chumba kisicho na mtu wa kujibu.

"Nimefika," akasema.

Mkono aliuacha pale pale ulipoanguka. Hakuhesabu mapigo, na tangi lilipojaa, alikuwa amekwishalala.